Injini ya Baba na Mafuta ya Kantini

4 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila mgongo wa mama unamsumbua asubuhi. Akishapata chai unatulia.

Injini ya baba ya kusagia imenyamaza wiki nzima. Si mbovu. Dizeli ndiyo imenishinda. Nikisaga kutwa, ninachopata kinarudi kwenye dumu la dizeli, na kesho naanza upya. Wateja wameanza kubeba nafaka zao hadi mashine ya ng'ambo ya daraja. Wakizoea huko, basi tena, nifunge mlango, na mimi na mama tutakula nini? Jana mama aliweka glasi yake ya chai kwenye ile rafu ya ukutani. Unajua ukuta ule unavyotetemeka injini ikinguruma. Enzi za baba glasi haikukaa pale hata siku moja.

Ulipokuja kwenye msiba wa baba ulisema kazini kwenu yuko fundi anayeendesha gari kwa mafuta ya kupikia yaliyotumika. Nilidhani unanichangamsha tu. Ni kweli?

Mdogo wako

17 Machi

Bi Mashine,

Marahaba. Huku wazima, wifi yako anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi anakuja lini.

Ni kweli tupu. Nimezungumza na fundi mwenyewe. Kantini yetu humwaga mafuta ya kukaangia viazi, nimewaomba na nakutumia madumu kwa lori. Methanoli, ile spiriti kali, na kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ulizia duka la kemikali. Chuja mafuta kwa kitambaa kizito, yapashe moto mpaka yawe vuguvugu. Kando, yeyusha kostiki ndani ya methanoli. Fanyia nje penye upepo, mbali na moto, uvae glovu na miwani, maana mvuke wake ni sumu. Changanya, koroga sana, acha yalale. Kitu kizito cheusi kitazama chini, na cha juu ndicho dizeli yako. Kioshe kwa maji taratibu. Anza na chupa moja, usijifanye kiwanda.

Baba angekuwepo angekucheka kwanza, halafu angekunja mikono ya shati akusaidie. Injini ile ni yetu sote. Usikubali ife.

Kaka yako

5 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Sisi wazima, na leo mama ameamka anaimba.

Dizeli yako ya kwanza ilikuwa sabuni. Ya pili, sabuni. Uji mweupe, mzito, mwiko unasimama wenyewe. Mama akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha biashara bila kumwambia.

Mara ya tatu nilichelewa kuepua sufuria. Nikasikia mafuta yanalialia, tititi, kama ukitia kitu kibichi kwenye kikaango. Ndipo nikashtuka: ni maji! Viazi vya kantini yenu vimeacha maji humo ndani, na mimi nilikuwa nayachanganya hivyo hivyo, ndiyo maana yakawa sabuni. Nikayaacha motoni mpaka yakanyamaza kabisa, nikayapooza, ndipo nikatia dawa. Fundi wako hakukwambia hilo, au wewe hukusikiliza. Nakujua.

Sasa ninayo dizeli, kaka. Ina rangi ya chai ya rangi, unaona mpaka chini ya chupa. Jana niliitia kwenye injini. Ilikohoa, ikatema moshi, halafu ikashika. Inanuka viazi vya kukaanga, wateja wanalalamika nawatia njaa. Mama aliinuka mwenyewe akaondoa glasi kwenye rafu. Nililia, sikufichi.

Mdogo wako

18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hongera, nimekusifia kazini mpaka wamenichoka.

Sasa sikiliza. Yupo rafiki yangu, mzee wa mbao, ana karakana yake ya kupasua magogo. Nimemweleza habari zako naye anataka kuja kuitazama injini inavyokwenda kwa mafuta yako. Mkaribishe vizuri. Iwashe, uiache ingurume aisikilize, umwonyeshe kila anachouliza. Mama usimsumbue kwa sasa.

Kaka yako

6 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai wote wazima. Mgongo wa mama afadhali.

Mzee wa mbao alikuja. Mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Nilikuwa nimefua ile kanga yangu nzuri kama naenda kuposwa. Niliiwasha mbele yake, ikashika mara moja, sikuamini mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya injini akafumba macho kama daktari. Akauliza kama imewahi kufunguliwa, kama inatumia mafuta mengi, akapima na mlango kwa hatua. Nilimweleza yote, hata ile bolti inayolegea. Alisema, "Umeitunza kama mtoto." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu asiye ndugu.

Ahsante kaka. Nilikuwa nikidhani niko peke yangu na jambo hili.

Mdogo wako

29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo.

Jana lori la mzee wa mbao lilikuja na vijana wenye minyororo. Nilidhani wameleta madumu. Wakaanza kufungua nati za injini. Nikawauliza mnafanya nini, wakacheka, wakadhani natania. Mzee akasema ameinunua kwako, akanionyesha risiti ya zamani yenye jina lako, kwa kuwa baba ndiye aliyekutuma wewe ukainunue. Aliona aibu kuliko wewe. Akasema, "Binti, mimi nilijua umeambiwa. Si ndiyo maana uliniwashia?"

Ndiyo, nilimwashia. Nilisimama pale na kanga yangu nikakuuzia injini, kwa mafuta niliyoungulia vidole kuyapata. Ulinituma niipambe, na mimi nikaipamba.

Kinu kimebaki, mkanda unaning'inia. Niandikie. Hata kama ni uongo, niandikie.

Mdogo wako

30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama anauliza mbona huandiki. Nimemwambia posta wana matatizo. Glasi ameirudisha kwenye rafu.

Mdogo wako

12 Julai

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Mama mpe salamu zangu. Nisamehe kwa kimya, mambo yalikuwa mengi. Watoto ada, nyumba tulitaka kufukuzwa, ungekuwa mahali pangu ungefanya hivyo hivyo. Ningekwambia ungekataa. Nitakutumia kitu hali ikitengemaa.

Jambo moja. Mzee wa mbao anajaribu kutengeneza mafuta kama yako, anapata uji mweupe tu. Ananilaumu, anasema nilimwahidi injini na mafuta yake. Uliwahi kunieleza ulikosea wapi, nami kusema kweli nilisoma juu juu. Niandikie yote, mwanzo mpaka mwisho. Nitafurahi.

Kaka yako

25 Julai

Kaka,

Shikamoo. Salamu zako nimempa mama. Aliitikia, halafu akageukia ukutani.

Mafuta hutengenezwa hivi. Chuja kwa kitambaa kizito. Pasha moto mpaka yawe vuguvugu. Kostiki iyeyushe ndani ya methanoli, nje, mbali na moto, mwambie mzee asisahau glovu na miwani. Changanya, koroga sana, acha yalale, toa cheusi kilichozama. Cha juu kioshe kwa maji taratibu.

Hakuna neno la uongo humo. Hata barua yako ya mwezi wa nne haikuwa na uongo, mgeni alikuja kuitazama injini kweli. Kuna kitu kimoja tu nimekiacha. Hakitamuunguza mtu wala kuharibu injini ya baba. Atapata sabuni, basi.

Nilikwisha kukwambia mara moja, siku niliyokuwa na furaha na sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mtoto wa baba yako