Gari Lisilo na Paa

Tabora, Machi 1969

Mdogo wangu Nassibu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mvua zimetunyeshea vizuri, na jirani yetu Maua kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza habari za lile gari la Kitaliano. Marehemu shemeji yako aliliingiza uani likiwa bovu, ukuta ulipoanguka kwa mvua. Akaujenga ukuta upya, akasahau kuacha pa kulitolea. Tulicheka mpaka machozi! Viti alivishona kwa ngozi ya mbuzi, na injini ikanguruma wiki ile ile aliyofariki.

Sasa nimekaa eda, sitoki. Lakini uani si nje. Kila alasiri naketi kwenye kiti cha abiria, natazama juu. Mawingu yanakwenda, nami naona ni sisi tunaokwenda, yeye kashika usukani, tunayapita mashamba ya tumbaku ya Goweko, ushungi wangu ukipepea.

Unasema umepata mnunuzi, na kwamba zama hizi za Ujamaa gari la starehe ni aibu kwa mjane. Sawa. Eda ikiisha, njoo na nyundo tubomoe ukuta. Mnunuzi mwache huko huko. Njoo na petroli. Wewe utaendesha, mimi kiti changu nakijua.

Dada yako,
Mwanajuma