Vitafunwa vya Sista Halina

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Hapa Milola tupo, ila kikohozi cha babu yako hakijapona, na mikorosho imezaa kidogo.

Umeuliza nilijifunzia wapi kupika vile vitafunwa vyembamba vya kukaanga ulivyovikuta huko Poland. Alinifundisha Sista Halina, Mpoland, muuguzi wa zahanati ya misheni, siku aliyofariki mwanangu wa kwanza. Baba yako alikuwa hajazaliwa. Nilikaa barazani pa zahanati nikiwasubiri ndugu waje tumpeleke mtoto nyumbani. Sista akaniita jikoni kwake, akanipa donge la unga uliokandwa kwa viini vya mayai.

“Sukuma mpaka uwe kama karatasi,” akasema.

Tukakata vipande virefu, tukavitoboa katikati, tukapitisha ncha kwenye tundu, tukakaanga, tukanyunyizia sukari. Nikamuuliza kwa nini tunapika vitamu siku ya msiba.

“Mama yangu alifia Poland, sikumzika,” akanijibu. “Siku nilipopata habari mikono yangu haikuwa na kazi, nikaanguka.”

Sikuonja hata kimoja. Lakini ndugu walipofika wakitaka kunipokea mtoto, niliwaambia waniache, nikambeba mwenyewe hadi nyumbani.

Mola akulinde ugenini.

Bibi yako, Somoe