Thatcher na Meza ya Mwalimu Halvorsen

Odell, kaa chini kwanza. Thatcher wetu hachezi hoki Jumamosi. Amejiondoa mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kocha alishamwonya: kosa moja tena, benchi. Basi asubuhi, bweni zima likiwa kwenye chai, shujaa akaenda darasani kufungua ule ubao wa mshazari unaoizuia meza ya mwalimu isiyumbe, akautupa nje kwenye theluji. Ati atamkomoa mama Halvorsen wa hesabu.

Halvorsen akafungua somo kwa tambi kavu za kuchomeka kwenye pipi laini. Undeni mraba, undeni pembetatu, sukumeni kwa kidole. Mraba ukalala. Pembetatu ikagoma.

Thatcher akacheka kwa dharau. "Mwalimu, haya si ya chekechea?"

"Ya chekechea kabisa," akasema yule mama, akaegemea meza yake.

MEZA IKALALA, Odell! Kama ule mraba! Pipi zikatapakaa mpaka mlangoni.

Wala hakushtuka. Akapangusa sketi, akauliza, "Haya, meza yangu imekosa nini?"

Na Thatcher, ambaye hajajibu swali tangu shule ifunguliwe, AKANYOOSHA MKONO. Kifua mbele, kama profesa.

"Ubao wa mshazari, mwalimu. Ule wa nyuma, wenye skrubu za kutu."

"Vizuri sana, mwanangu. Hiyo kutu umeionea wapi?"

Kutu, Odell! Alimtajia mpaka kutu!

Sasa hivi anafukua theluji kwa mikono akiutafuta ule ubao, kocha anamtazama kutoka dirishani. Jumamosi bwana mkubwa atatubebea maji.