Diwani Hataki Kuvuka Daraja

Jumatatu, 3 Juni

Kabula amepewa punda wa kikundi. Wote watatu. Mwanangu, niliyemzaa mimi. Sasa ndiyo naweza kuandika kwamba nimeamka salama, nimekamua, nimefagia, chai imechemka.

Ni hivi. Kikundi chetu cha akina mama kilinunua punda mwaka jana, wabebe mahindi na maji kutoka ng'ambo ya mto. Wakifika kwenye daraja la magogo wanagoma. Wamechapwa, wamesukumwa, wamevutwa na wanaume sita. Hawavuki. Mizigo tunabeba wenyewe kichwani, na punda wanatusubiri upande huu kama wakwe. Mwenyekiti wetu Mama Leokadia amechoka, anataka wauzwe. Jana mkutanoni Kabula akapiga goti, akawaamkia wakubwa, kisha akasema, nipeni mimi niwafundishe. Wakivuka, kikundi kitamchukua awe mtaalamu wake wa mifugo. Wasipovuka, punda watauzwa na yeye ataenda Kahama. Kuna duka la dawa za mifugo huko linamtaka.

Mimi Kahama sitaki. Naandika wazi. Amekaa chuoni miaka miwili, nikawa nakula na baba yake tumeangaliana kama kuku. Sasa amerudi na cheti. Kijiji chetu chote cha Runazi sijaona mtoto mwenye cheti cha mifugo na adabu kwa pamoja.

Jumanne, 4 Juni

Ameanza. Nilidhani atatoa dawa kwenye begi. Ametoa miti minne ya mkaratusi, ile ya baba yake ya kuezekea banda, akailaza chini uwanjani. Akapima kwa hatua zake kati ya mti na mti. Akaupangua mmoja, akapima tena. Saa nzima.

Kisha akamleta Diwani. Ndiye mkubwa wao, wale wawili wanamfuata popote. Jina alimpa mume wangu, kwa sababu anatembea taratibu na kila mtu anamngoja.

Diwani akauangalia mti wa kwanza. Akasimama. Kabula naye akasimama. Wakasimama.

Nimechuma mchicha, nimeuosha, nimeukatakata. Nimerudi, bado wamesimama.

Alhamisi, 6 Juni

Amenieleza. Punda haoni vizuri pale miguu yake inapokanyaga. Akiona kivuli kati ya gogo na gogo anadhani ni shimo. Kwa hiyo anafundishwa kwanza kuruka mti mmoja uliolala chini, kisha miwili, kisha miti inainuliwa kidogo juu ya tofali, ajifunze kunyanyua mguu na kuuamini. Mwisho miti inasogezwa karibu karibu kama daraja. Havutwi. Unatembea ubavuni mwake, unamwachia kamba. Anaamua mwenyewe.

Anaamua mwenyewe. Punda. Mimi nilipokuwa binti sikuamua hata nguo ya Krismasi.

Leo ameruka miti miwili. Kwenye wa tatu akalala.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada wanawake walinizunguka. Mmoja akauliza, "Mama Kabula, punda wako wako darasa la ngapi?" Wakacheka. Mwingine akasema amesikia sasa wanasoma kwa vijiti, kama watoto wa chekechea.

Nilikasirika. Nikasema, mwisho wa mwezi huu watavuka daraja, tena na mizigo mgongoni, na mtakuja kuangalia kwa macho yenu. Mama Leokadia alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Vizuri. Basi Jumamosi ya tarehe 29 tunakutana darajani. Wakivuka, Kabura anaanza kazi. Wasipovuka, Jumatatu yake wanauzwa." Yeye ni Mhangaza, l kwake ni r, anamwita mwanangu Kabura. Nimeshamsamehe hilo.

Kabula alikuwa ameomba miezi miwili. Sikulikumbuka mpaka nimefika nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni

Amesikia kwa watu kisimani. Hakunifokea. Ameniuliza tu, "Mama, kwani wewe ndiye unayewafundisha?" Afadhali angefoka.

Jumatano, 12 Juni

Miti minne chini, ameruka yote. Mara mbili. Mara ya tatu amekojoa juu ya mti na kurudi bandani.

Mume wangu anatoa kiti nje kila jioni kuangalia. Amesema hii ni bora kuliko mpira.

Jumapili, 16 Juni

Kabula ameitwa Nyamiaga kule Ngara, kuchanja kuku. Siku nne. Ameniachia maagizo: maji asubuhi na jioni, majani, na uwanjani mtu asitie mguu. Nimesema sawa.

Siku nne. Zimebaki kumi na tatu.

Jumanne, 18 Juni

Nimeingia uwanjani.

Sikuweza kuvumilia. Sisi Wasukuma tumelima kwa maksai tangu kwa babu, na mimi nimekua nikiongoza ng'ombe wa plau huko Shinyanga. Mtu anatangulia mbele na kamba, mnyama anafuata. Hakuna anayetembea ubavuni kumwuliza ng'ombe maoni yake. Nikashika kamba, nikatangulia. Mfukoni nimejaza michembe. Ni viazi vyetu vitamu nilivyovikata na kuvianika mwenyewe, vitamu kama sukari. Akiruka mti, kipande. Mti mwingine, kipande.

Ameruka yote minne. Mara sita.

Nimejisikia kama mwenye chuo.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeweka tofali. Kabula alikuwa hajaanza hizo. Mbili mbili kila upande, miti ikafika magotini mwa Diwani. Ameruka. Hakugusa hata mmoja. Mume wangu amesimama kwenye kiti. Nimemwonya akimwambia Kabula nitampikia dagaa wiki nzima.

Ijumaa asubuhi nimempa mazoezi ya mwisho kabla mwalimu hajarudi. (Naandika hili Ijumaa. Jana nililala na kalamu mkononi.)

Jumamosi, 22 Juni

Balaa.

Kabula amemchukua Diwani, amesimama ubavuni, amemwachia kamba. Diwani hakuondoka, alikuwa anangoja mtu atangulie. Baada ya muda mrefu akaruka mti wa kwanza. Akasimama. Akageuza shingo, akamnusa Kabula mfukoni. Akanusa mfuko wa pili. Akamsukuma kwa pua. Hakwenda mbele tena mpaka jua lilipozama.

Mume wangu ameingia ndani mwenyewe, ameacha kiti nje.

Jumapili, 23 Juni

Vilevile. Mti mmoja, anasimama, ananusa. Kabula amempima joto. Amemwangalia kwato zote nne, meno, macho. Amefungua daftari zake za chuo, amesoma hadi ameinamia meza. Amesema, "Mama, sijui nimemkosea nini huyu mnyama."

Nimenyamaza. Mimi, ambaye sinyamazi hata msibani.

Najichukia.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemsikia nyuma ya banda akiongea na simu. Amesema, "Ndiyo. Julai naweza kuanza." Halafu amekaa huko huko, hakutoka.

Ugali umenishinda.

Jumanne, 25 Juni

Nimemwambia.

Nimemkuta akiwanywesha. Sikutafuta maneno. Nimesema, mwanangu, punda hajaharibika, nimemharibu mimi, na nikaeleza yote, kamba, michembe, tofali.

Akaweka ndoo chini.

"Michembe kiasi gani?"

"Nusu debe."

"Kwa siku tatu?"

"Na ya Ijumaa asubuhi."

"Mama, angevimba tumbo akafa, ungesema nini?"

"Ningesema ni homa."

Hakucheka. Baba yake ndiye aliyecheka, nyuma ya ukuta. Kabula akaokota ndoo yake. Niliona nimempoteza kabisa, Kahama ni hapo, atapanda gari kesho. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Alikuwa anagonga miti?"

"Hakugonga hata mmoja."

"Na tofali uliweka moja moja?"

"Mbili mbili."

Akaniangalia. Akasema basi miguu anajua kuinyanyua, kazi hiyo imeisha. Kilichobaki ni kumsahaulisha mimi. Lakini siku nne hazitoshi. Akasema pia, "Aliyeahidi tarehe ndiye aende akaombe tarehe."

Ni haki. Inauma lakini ni haki.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda kwa Mama Leokadia. Niliomba Mungu nimkute peke yake. Nimemkuta na wanawake saba wanachambua maharage.

Nimesema mbele ya wote. Kwamba tarehe 29 ilikuwa ya kwangu, siyo ya Kabula. Kwamba nimeingilia kazi ya mtaalamu. Wakabaki wameshika maharage. Mama Leokadia akasema, "Kwa hiyo aliyefeli ni wewe, siyo punda." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Nilisimama pale nikachekwa. Nilimzaa Kabula siku mbili usiku na mchana, hili nalo nitalimaliza.

Ameongeza wiki moja. Tarehe 6 Julai. Amesema safari hii atawaita hata wa vitongoji vya jirani, ili watu wauone mwisho wa maneno. Baada ya hapo hakuna siku nyingine, na mnunuzi wa punda ameshaambiwa.

Kabula naye amepiga simu Kahama. Amewaomba wamngoje mpaka Jumatatu ya tarehe 8. Wamekubali, wakasema wana mtu mwingine akichelewa.

Ijumaa, 28 Juni

Nimepewa kazi. Nasimama mwisho wa miti, mikono nyuma, mifuko mitupu imegeuzwa nje ili Diwani aione. Nisiseme. Nisisogee. Nisimwangalie machoni.

Kazi ngumu kuliko kulima.

Anaruka mti, anasimama, ananitazama. Kabula hamvuti. Anangoja tu ubavuni. Nimeimba kimoyomoyo wimbo wa beti sita, wote, na kuurudia. Ndipo akaruka wa pili.

Michembe iliyobaki nimempa Kabula aifiche. Hataniambia wapi. Sawa.

Jumatatu, 1 Julai

Leo miti kumi, imelazwa karibu karibu juu ya mfereji aliouchimba Kabula mwenyewe, mianya inaonekana, giza chini yake. Kama daraja kabisa. Mara ya kwanza Diwani amepita. Mara ya pili amepita. Mara ya tatu ameweka mguu mmoja, akautoa, akarudi nyuma hadi kwenye ukuta.

Mtu mmoja amepita barabarani na baiskeli, akasimama. "Mama Kabula, mnajenga reli?" Nilikuwa na jibu. Jibu zuri sana, lilikuwa limefika kwenye meno. Diwani alikuwa ameinua masikio anasikiliza. Nikalimeza.

Kabula amelia kidogo akiwa anafungua kamba. Alidhani sioni. Ana miaka ishirini na nne na bado anajifuta machozi kwa kiwiko.

Jumanne, 2 Julai

Mara tano. Zote amepita. Hakunitazama.

Imeniuma kidogo kwamba hakunitazama. Ujinga huo.

Jumatano, 3 Julai

Amegoma kutoka bandani. Basi. Sina la kuandika. Nimechoka na punda, nimechoka na miti. Mume wangu anaulizia paa la banda lake lini.

Alhamisi, 4 Julai

Tumetoka alfajiri, Kabula na mimi na punda watatu. Kulikuwa na ukungu mtoni. Hakuna mtu.

Nimesimama kando, si mbele, pale aliponionyesha. Kabula amemfikisha Diwani kwenye gogo la kwanza, akamwachia kamba. Diwani akainamisha kichwa. Akanusa gogo. Akanusa mwanya, maji yanapita chini yake. Amekaa hivyo mpaka miguu yangu imekufa ganzi. Kabula alikuwa hata hapumui, au mimi ndiye niliyekuwa sipumui.

Akaweka mguu. Akaweka wa pili.

Akavuka. Kwato zake kwenye magogo, taratibu, moja moja, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Wale wawili wakamfuata bila kuambiwa. Ng'ambo wakaanza kula majani. Kabula alibaki katikati ya daraja, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Tumewarudisha. Wamevuka tena.

Kabula amesema nisimwambie mtu. Punda ni punda, kesho anaweza kuamka na yake, waje waone wenyewe. Nimesema sawa. Ameniangalia vile anavyoniangalia nikisema sawa.

Tukirudi tumekutana na Mama Leokadia njiani na jembe lake. Kabula amemwamkia, shikamoo mama. Ameitikia, akanigeukia mimi, akauliza punda wanaendeleaje. Nimesema, "Wanaendelea." Akangoja niongeze. Sikuongeza. Amekwenda zake akigeuka geuka.

Mchana simu ya Kabula iliita mezani, namba ya Kahama. Ameitazama mpaka ikanyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Sikuuliza.

Mume wangu naye ameniuliza tumetoka wapi asubuhi yote na miguu imelowa. Nimemwambia ale, chakula kinapoa.

Ni Jumamosi hii, tarehe 6, saa tatu asubuhi, darajani. Wanakuja wote.