Kahawa Yako Niliyoiweka Kwenye Kibuyu

Kamau, Baba Wanjiru,

Nimekushinda. Jana tuliokota namba za shamba, zile namba tulizozingoja mpaka wewe ukachoka ukaenda zako, na mimi Kiptoo, mkamua ng'ombe wa darasa la tatu, nilitia mkono kwenye kofia nikatoka na kipande cha mtoni. Kile cha udongo mweusi. Watu walinuna. Wewe mwenye duka, mwenye kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, uko hapo umelala, na mimi niko mtoni naosha miguu kama Bwana Fimbo mwenyewe, yule Mzungu aliyetuuzia shamba.

Sawa, ni uongo. Kilikuwa changu kuanzia asubuhi mpaka watu walipokula. Sasa niko huko juu kwenye mawe, mahali hata mbuzi anapita akiangalia pembeni. Nitakueleza. Usinicheke kabla sijafika.

Mchungaji anasema marehemu hasomi barua. Nikamwambia hata ulipokuwa hai barua zangu ulikuwa huzisomi, ulikuwa unazisahihisha. Akafunga Biblia yake. Kwa hiyo naandika, na wewe sahihisha huko uliko.

Duka liko wazi. Mama Wanjiru anapima sukari bila kunyanyua macho, na hakopeshi mtu kama ulivyokuwa unakopesha, kwa hiyo linaendelea vizuri kuliko wakati wako. Kile kiti chako nyuma ya mizani hakuna mtu anakikalia. Mimi nilikikalia siku moja, kwa uchokozi tu. Mama Wanjiru akaingia stoo akakaa huko muda mrefu bila kuleta kitu. Sijakikalia tena.

Kamau, ni ile kahawa inayonisumbua.

Uliniambia habari ya mama yako mara moja tu, tukishona magunia ya mahindi, na hukuniangalia. Kwamba alichuma kahawa ya Mzungu kule Kiambu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kwamba jioni walikuwa wanapekuliwa getini, hata kitambaa cha kichwa kinafunguliwa, asije akatoka na tunda moja. Wewe mtoto ulikuwa unamngoja nje ya ua, na harufu ya kahawa ilikuwa inatoka kwenye dirisha la jikoni la yule Mzungu na kupita juu ya kichwa chako. Ukamuuliza, mama, ni tamu? Akasema, "Nitajuaje mimi." Akafa bila kujua. Ukashona gunia lingine, halafu ukasema siku utakapokaa juu ya ardhi yako mwenyewe utakunywa kahawa ile ile, siyo ya majivu ya hotelini, ile yenyewe, ili mmoja katika nyumba yenu awe amejua.

Mimi nilidhani ni maneno ya mtu mwenye kiu.

Lakini tulipomaliza kulipa hisa zetu za shamba, na Bwana Fimbo akapanda gari na mbwa wake akatuachia shamba na deni la dawa ya ng'ombe, ukaja kwangu umevaa koti. Ukasema twende Eldoret. Tukaingia kwa yule Mhindi wa miwani, muuza kahawa, na matope yetu yote kwenye viatu. Akatuletea kahawa ya kawaida. Ukakataa. Ukamwambia, "Lete ile unayoificha." Nakuapia yule mzee alikuangalia kama mtu aliyeulizwa habari ya binti yake.

Akatoa chupa kubwa ya kioo. Mbegu ndogo za mviringo, nyeusi, zinang'aa. Akatueleza taratibu, alikuwa ameanza kukupenda. Kwamba tunda la kahawa hubeba mbegu mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo, lakini mara chache tunda linabeba moja tu, na hiyo inakuwa mviringo kwa sababu haina mwenzake wa kuisukuma. Watu hukaa wakizichagua moja moja. Ndiyo maana ni adimu, ndiyo maana zinaenda Ulaya. Nikasema, basi hii ni Kamau, mama yake alizaa yeye peke yake. Ukanijibu pale pale mbele ya Mhindi kwamba na sisi kina Kiptoo tuliozaliwa tisa kwa mama mmoja ni wa kupelekwa posho mill tukasagwe kama mahindi.

Akatupa mbegu moja kila mtu tutafune. Mimi nikatafuna yangu, nikaitema ndani ya kofia. Wewe ukakataa. Ukasema hutaonja ukiwa umesimama kwenye duka la mtu, utaonja ukiwa umekaa kwako. Basi nikatafuna na yako pia, isiharibike. Nayo nikaitema.

Tukainunua, na bei sitaitaja hapa. Mke wangu Mama Chebet anajua kusoma namba.

Ukaniachia mimi niiweke, kwa sababu panya wa dukani kwako wanajua kufungua hata kufuli. Mhindi alisema tusiitoe kwenye mkebe wake wa bati. Lakini Kamau, wewe unatujua. Kwetu sisi kitu cha heshima hakikai kwenye bati. Bati ni la mafuta ya taa. Kitu cha heshima kinakaa kwenye kibuyu, na Mama Chebet akatoa kile bora kuliko vyote, kile cha kuwapa wageni mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet miaka mingi mpaka moshi umekuwa sehemu ya kibuyu. Akakiosha vizuri, akakikausha juani. Tukamimina ile kahawa ya Ulaya humo, tukafunga kifuniko cha ngozi. Tukajiona tumeiweka benki.

Halafu tukangoja sarveya aje kupima na kugawa shamba. Unakumbuka tulivyongoja. Kamati inagombana, mvua inanyesha, sarveya ana harusi, sarveya ana malaria, mwenyekiti amepoteza ramani. Ulikuwa unapita kwangu jioni na kuuliza, "Mtoto analala salama?" Nami nakwambia amelala salama kwenye kibuyu chake. Ukadhani ni mzaha wangu.

Halafu koo.

Ulisema kwanza ni vumbi la unga. Ukasema tena ni baridi ya huku kwetu Moiben. Tulipokupeleka hospitali ulirudi na koti linakuzunguka kama limetundikwa kwenye msumari, na daktari hakutueleza mengi, alimshika Mama Wanjiru mkono tu. Ukawa unakunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Siku moja ukaniambia, sauti yenyewe kama mtu anakwaruza sufuria, "Kiptoo, sarveya akija mwambie nilikuwepo."

Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa huko. Niliporudi nikachukua shoka.

Nilikata vigingi vinne. Nilivipiga mwenyewe pale mtoni ulipokuwa umelima viazi, nikapima kwa hatua zangu, na miguu yangu unaijua, mmoja mrefu. Nikachukua kiti cha mikono cha Bwana Fimbo kwenye veranda, ambapo sasa ni ofisi ya kamati. Mwenyekiti alikuwa amekikalia. Tukabadilishana maneno. Tukakubeba mimi na shemeji yako, tukakukalisha katikati ya vigingi umefunikwa blanketi. Nikasema hii ni ya Kamau, serikali imekubali, na leo serikali ni mimi.

Hukucheka. Uliangalia vigingi, kimoja kimoja, polepole sana. Ukaushika udongo.

Kisha nikafungua kibuyu.

Harufu iliyotoka haikuwa ya dirisha la Mzungu. Ilikuwa ya nyumba yangu. Moshi, maziwa, senetwet. Ile kahawa ilikuwa imekunywa kibuyu chote. Ukanusa. Ukaniangalia. Ukaanza kucheka kwa mabega tu, bila sauti, mpaka Mama Wanjiru akaogopa, na machozi yakakutoka, na ukaniambia, "Kiptoo. Umeikamua?"

Nilitaka kuimwaga. Nilitaka kukimbia Eldoret nikanunue nyingine, hata kama ningeuza ng'ombe mwenye maziwa. Ukanishika mkono hapa kwenye kifundo, na zile nguvu sijui ulizitoa wapi. Basi Mama Chebet akaisaga kwa jiwe la kusagia wimbi, tukaichemsha kwenye mafiga, tukaichuja kwa kitambaa, ukaletewa kwenye kikombe chenye maua.

Funda moja. Ulilishika mdomoni ukafunga macho. Tulisikia mto tu. Ilichukua muda lipite, niliona shingo yako inafanya kazi. Kisha ukafungua macho ukaangalia mbali upande wa kwenu.

Nikakuuliza, "Je?"

Ukasema, "Nitakwambia kesho."

Wewe na kesho zako za muuza duka. Asubuhi nilikuja na maziwa na ubishi wangu wote tayari, na nikakuta wanawake wameshakaa nje na Wanjiru ameshika mlango.

Kamati ilisema huwezi kuzikwa kwenye ardhi ambayo haijagawanywa. Nikawaonyesha vigingi. Mwenyekiti akasema hizo ni kuni. Nikasema basi mzikeni kwenye kuni. Tukakuzika katikati, miguu upande wa mto, na viazi vyako vikaendelea kukua kando kama hakuna kitu.

Sasa jana. Sarveya alikuja kweli, amenenepa. Namba zikatiwa kwenye kofia. Alipoitwa Kamau, Mama Wanjiru akasimama, na wazee wengine wakaanza kukohoa, ati mwanamke ataokotaje namba. Nikawaambia mkono huu umewapimia sukari na chumvi mpaka leo, karatasi ndiyo itaushinda? Wakaacha kukohoa. Akaokota. Akapata mawe.

Mimi nikaokota mto. Nikaokota viazi, vigingi, na wewe ndani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kiptoo amepata shamba na mlinzi." Watu wakacheka, na mimi nilicheka, unanijua. Kisha nikamwona Mama Wanjiru. Hakuwa analia. Alikuwa anakunja ile karatasi, anaikunja tena, inakuwa ndogo, ndogo, kama anataka ipotee mkononi. Na nikafikiri, huyu sasa atakuwa anaomba ruhusa kwangu ili aje kupalilia mume wake.

Mama yako alikuwa anapekuliwa getini. Sikuweza, Kamau.

Watu walipoketi kula nikamwendea. Nikamwambia, "Mama Wanjiru, nipe hiyo yako uchukue hii. Mimi siwezi kukaa karibu na huyo mtu, anakoroma." Akaikunjua ile karatasi yake. Akasema, "Asante, Baba Chebet," na akaweka mkono mdomoni. Tukaenda kwa sarveya, na akaandika. Hisa zetu zilikuwa sawa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema neno, ingawa mwenyekiti alijaribu kutafuta moja.

Mama Chebet hakunisemesha njia yote. Jioni alipanda nami mpaka kwenye mawe, akayazunguka, akayapiga kwa fimbo. Mwisho akasema, "Yanafaa kuanikia vibuyu." Nikajua nitalala ndani.

Kwa hiyo umekaa kwako. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Vile vigingi vyangu sarveya aliving'oa, akaweka vya chuma, na vya chuma vimenyooka kuliko vyangu, lakini kimoja kimeangukia pale pale nilipopiga mimi. Nimemwonyesha kila mtu.

Leo asubuhi nimechemsha kahawa iliyobaki. Siyo yote, nimeacha kiasi cha kiganja. Nilikaa kwenye jiwe nikainywa polepole nimefunga macho kama wewe. Kwanza nilipata maziwa. Kisha moshi. Na nyuma ya moshi, mbali, kuna kitu kingine ambacho sikijui jina. Nilikingoja kije karibu, hakikuja. Huenda ndiyo kahawa yenyewe. Huenda ni jiwe la wimbi. Mimi sikusimama chini ya lile dirisha, nitajuaje.

Silali vizuri kwa sababu hiyo. Ulingoja maisha yako yote funda moja, na nikakupa kibuyu changu.

Sasa kwaheri, rafiki yangu, kalamu inaisha na ng'ombe wanalia. Nakuahidi ua wako nitaufunga kabla ya wangu, na Wanjiru akiwa mkubwa nitampa ile ya kiganja, nimwambie ni ya nani. Sitamwambia ni tamu. Ataonja.

Lakini unanidai mengi na mimi nakudai kitu kimoja kidogo. Ulisema kesho. Zimepita kesho nyingi na mimi sijasema kitu. Njoo hata ndotoni, hata ukiwa umekasirika, usikae, simama mlangoni tu uniambie: ulionja kahawa, au ulionja nyumba yangu?

Kiptoo, wa kwenye mawe