Majina Ndani ya Kopo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa mchawi mbele ya watu kumi na mmoja. Naandika nisije nikapasuka.

Overloki — mwanamke wa mashine ya overloki, ambaye mdomo wake unaishinda mashine kwa kasi — alitaka bobini ya kuzungushia uzi. Badala ya kuniomba, akafungua droo yangu. Akakuta kopo. Akalifungua, likamponyoka, vikaratasi vikamwagika mezani juu ya sketi za shule nilizozipanga tangu asubuhi. Akapiga ukunga. Mashine zote zikanyamaza.

Eti majina ya watu yamechomwa pini.

Jamani! Kila nguo inayokatwa katika karakana hii inabanwa kikaratasi kwa pini: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu. Overloki mwenyewe anavibandua kutwa nzima. Nguo ikiisha wenzangu wanavitupa kwenye pipa pamoja na masalio ya nyuzi. Mimi siwezi. Jina la mtu na kipimo cha mwili wake, nivikanyage? Navitia kwenye kopo. Kila Alhamisi kazi ikiisha natoa vichache, navishika kimoja kimoja, namtakia mwenye jina aivae nguo yake kwa heri. Afaulu nayo usaili. Aolewe nayo. Azike nayo mtu asizimie. Basi. Pini zimebaki humo kwa sababu mimi ni mvivu, na nani atoe pini mia tatu?

Kikaratasi cha juu kilikuwa cha Madam, mwenye karakana. Suti ya harusi ya mwanawe. Pini ilipita kwenye mstari wa kiuno. Na Madam anaumwa tumbo tangu mwaka uanze, kila mtu anajua.

Madam alitoka ofisini, akatazama. Akavikusanya vikaratasi kwa mikono yake, akaondoka na kopo. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 5 Machi

Viti vimesogezwa. Kikombe changu nimekikuta peke yake dirishani, wenzake wote wamehamia kabati la pili. Hata vikombe vinaniogopa sasa. Miaka kumi na minne nakata nguo humu. Watoto wao wote nimewakatia sare, na vipande vilivyobaki nikawatolea mifuko ya madaftari.

Mzee wa Vifungo peke yake ndiye aliyeitikia shikamoo yangu. Akaendelea kushona kifungo chake, akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, si ungevitupa tu pipani kama watu wengine, yakaisha? Nikamwuliza kama na yeye anaamini mambo haya. Akasema haamini hata chembe. Halafu akauliza kama kikaratasi chake nacho kimo.

Jumatano, 6 Machi

Leo ndiyo nimeona kiroja.

Overloki amenifuata stoo ya vitambaa, akafunga mlango kwa kisigino. Nikadhani anakuja kuniomba radhi. Thubutu! Amechomoa kikaratasi kwenye sidiria. Jina la mwanamke. Eti huyo anamzengea mume wa Overloki, eti nimfanyie "kitu kidogo tu". Asife, la, yeye hana roho mbaya. Akonde. Aharibike ngozi. Na ameandika kifua, kiuno na urefu, kwa kukadiria, maana amemwona sokoni mara mbili. Alidhani bila vipimo kazi haiendi.

Nikamwuliza, Jumatatu umenipigia ukunga, leo unaniletea oda? Akasema ndiyo maana amekuja, sasa amejua kuwa naweza. Nikamwambia mchawi humu stoo ni mmoja, na si mimi. Akakasirika yeye! Akanisonya, akatoka.

Hiki ndicho kinachonichoma. Hawauchukii uchawi hata kidogo. Wanamchukia aliye nao na hataki kuwafanyia.

Nyumbani nako, Dada keshasikia. Naishi chumba cha uani kwake, kwa hiyo hana haja ya kubisha hodi. Ameingia na ndoo ya nguo kiunoni, akasema, mdogo wangu, kwani huwezi kusali kama watu? Siku moja kwa wiki, ukae kwenye benchi, utulie?

Nimekaa kwenye benchi hilo, nikamkumbusha. Nilinyanyuka siku kiongozi wetu wa dini aliponiambia, jeneza la mwanangu likiwa mbele yangu, kwamba nitafute nilimkosea Mungu wapi. Sikurudi. Tangu siku hiyo namtafuta Mungu asiyekuwa na fimbo. Nadhani nimempata, au yeye kanipata mimi. Asubuhi naweka glasi ya maji dirishani, nashukuru kwa mwanga, nakaa kimya mpaka nisikie pumzi yangu. Alinifundisha nesi mmoja mstaafu niliyekuwa namshonea. Sina damu, sina mafusho, sina mganga. Nina sheria moja tu: nisimpelekee mtu kitu ambacho sitaki kiingie mlangoni kwangu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, ila watu wanataka kukuona unasali. Akaanika nguo zake.

Alhamisi, 7 Machi

Madam ameniita ofisini. Kopo liko mezani kwake, limefungwa kwa mpira.

Akasema hanishutumu. Nikasema ahsante. Akasema wamemkuta na uvimbe tumboni, Jumanne anapasuliwa. Nikampa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, nikamwambia hata kikaratasi chake nilikishika wiki iliyopita nikamwombea nafuu. Akarudisha kiti nyuma. Yaani nimemwambia nimemwombea, naye kasogea kama nimemtolea kisu!

Anachotaka ni hiki: Jumamosi atamleta kiongozi wao wa dini karakanani. Nisimame mbele ya wote, niape kwamba naacha mambo yangu, na kopo lichomwe nikiona. Nikikataa, niache funguo za chumba cha kukatia. Nimemwambia naweza kuapa muda huohuo kwamba sijawahi kumfanyia mtu ubaya. Kuacha, siachi, kwa sababu sina kibaya cha kuacha. Na kopo lina watu mia tatu, Madam, wengine wameshakufa, hakuna mwingine anayewakumbuka kwa vipimo vyao.

Akasema nifikirie mpaka Jumamosi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika tumbo. Niliiona, lakini hasira haikuniruhusu kuihurumia.

Ijumaa, 8 Machi

Madam hakusubiri Jumamosi.

Saa ya chakula cha mchana nimetoka uani nikawakuta wamesimama duara. Overloki ameshika kiberiti. Kopo limemiminwa kwenye karai la chuma, vikaratasi vimemwagiwa mafuta ya taa. Madam amesimama kando, amejifunika pua kwa leso. Nimesema ngojeni. Hakuna aliyegeuka. Vikaratasi vimewaka vyote kwa mara moja, zimebaki pini nyekundu chini ya karai. Mtu mmoja amepiga makofi. Nimewatazama usoni mmoja mmoja, watu niliowakatia nguo, na wote walikuwa na nyuso za watu waliomaliza kazi safi.

Nimevua tepu ya kupimia shingoni, nimeitundika msumarini. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Sasa naandika nilichofanya, maana humu sidanganyi. Nimesimama mbele ya glasi yangu ya maji. Nimemtaja Madam kwa jina lake lote. Nikasema: basi Jumanne mkono wa daktari uteleze.

Nimesema kwa sauti. Sikuwasha kitu, sikuchoma kitu. Maneno tu. Na nilimaanisha.

Jumamosi, 9 Machi

Sijaweka maji dirishani.

Jumapili, 10 Machi

Nimejaribu kuyarudisha. Nimekaa kimya, nimetaja jina lake, nikataka kusema apone. Mdomo umesema. Moyo umekaa palepale umekunja mikono. Nikiliona lile karai akilini, hasira inawaka upya.

Najiambia ni upuuzi. Maneno ya mwanamke mmoja chumbani hayawezi kumfikia daktari asiyemjua. Lakini nikisema hivyo, zile Alhamisi zote nilikuwa nafanya nini? Kama heri zangu zilifika, hili nalo limefika. Kama hili halikufika, miaka yote hiyo nilikuwa nazungumza na makaratasi. Hakuna kona ya tatu ya kujibanza, nimeitafuta.

Na bado nimekasirika! Naandika hivi nimeuma meno. Miaka yote sikuwahi. Mume aliponiacha sikuwahi. Yule kiongozi pale kwenye jeneza, sikuwahi kumtakia hata mafua. Wao wamenipaka jina, wakanichokoza mpaka nikalivaa, na limenienea.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee wa Vifungo amekuja nyumbani, amevaa koti lake la misibani. Ametumwa. Madam amelazwa tangu jana, hali wala halali. Amesema mambo ya kiapo yameisha, kuchoma kopo kulikuwa haraka na kosa, meza yangu ya kukatia ipo na tepu iko msumarini. Anaomba kitu kimoja. Niende kesho asubuhi kabla hajaingia chumba cha upasuaji, nimwambie ana kwa ana kwamba sijamtakia baya.

Dada aliruka kwa furaha, akasema si umeona, Mungu amekupigania. Mzee akanywa chai, akanitazama. Akauliza, mwanangu, mbona hufurahi?

Nikasema nitakwenda.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanawake. Saa mbili na robo. Overloki yuko mwisho wa benchi anasali kwa sauti mpaka wagonjwa wa watu wanageuka. Kila akimeza mate ananitupia jicho.

Nimeingia. Sikumtambua mara moja. Hana wigi, hana wanja, amevalishwa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni. Pindo limeshonwa ovyo, nyuzi zinaning'inia. Sote wawili tulilitazama. Akajaribu kucheka. Akasema, angalia wanavyotuvalisha, fundi wangu.

Nikampa pole. Akanishika mkono. Akasema hakulala, kila akifumba macho anaona lile karai. Akasema sijali unaamini nini, mimi nakujua, wewe huwezi kusema uongo, ulinikatalia hata kuniapia mbele ya watu ukijua unapoteza kazi. Kwa hiyo ukiniambia, nitaamini, na nitaingia mle nimetulia. Niambie tu. Umenitakia baya?

Nimemwambia naomba niende msalani mara moja. Ndiyo maana niko hapa.

Nesi amesema dakika kumi. Kitanda cha magurudumu kimeshafika mlangoni. Dada, aliyenisindikiza, amenong'ona kwamba ni neno moja tu, hapana, kwani lina uzito gani? Nimeshindwa kumweleza. Nikisema hapana, nitakuwa nimemdanganya mtu anayeingia kwenye kisu kwa kuniamini. Nikisema ndiyo, nitamwua kwa hofu kabla daktari hajanawa mikono. Na tangu nimemwona na lile gauni, hasira nayo imeniponyoka, sina hata hiyo ya kushikilia. Nataka apone. Nataka sana. Sijui kama nimechelewa.

Wiki nzima nimekuwa nikisema mimi si mchawi, kwa Dada, kwa Mzee, kwa kila aliyesogeza kiti. Lilikuwa neno jepesi kuliko yote mdomoni mwangu.

Nesi ameita. Anasema mgonjwa amekataa kupanda kitanda mpaka nirudi. Nesi ameushikilia mlango kwa mguu, ananisubiri nifunge daftari niende nikamjibu.