Kikombe Kimoja cha Kifaransa

Jumatatu, 3 Machi
Kifaransa tena, kipindi cha mwisho. Makofi kwa kila silabi: fi-nis-sons. Kisha kusukutua. Mwalimu Bahati anasema r ya Kifaransa inakaa kooni, ukisukutua maji kichwa kikiwa juu utaisikia. Wazo zuri. Lakini kikombe ni kimoja, cha plastiki. Mwalimu akishatoka, Domitila, kiongozi wa somo, anakizungusha dawati kwa dawati. Tunatema kwenye ndoo ya kudekia. Leo nilikipokea kutoka kwa jirani yangu mwenye mafua. Ukingoni uzi wa mate. Nilikipitisha bila kusukutua. Domitila aliona.

Jumanne, 4 Machi
Ijumaa Mwalimu atachagua wawili wa kwenda Nzega kwenye mashindano ya kusoma kwa sauti. Naitaka nafasi hiyo. Sijawahi kuchaguliwa kwa lolote. Nimefanya mazoezi jikoni: ils finissent, makofi matatu tu, kwa sababu -ent ya mwisho haisikiki. Darasani wote wanapiga la nne. Vinywa vyetu havipendi neno liishe bila irabu. Mama, akichambua mchicha, aliuliza nampigia nani makofi. Nilimweleza habari ya kikombe pia. Akasema niende na changu.

Jumatano, 5 Machi
Nilikwenda nacho. Cha bati, nimekiosha kwa maji ya moto. Domitila alinipokonya, akasukutua, akampa wa pili.
"Hiki sasa cha darasa. Au mate yetu yana sumu, mtoto wa kishua?"
Walicheka wote. Kilinirudia kina utelezi. Nilikibeba kwa vidole viwili mpaka nyumbani Isevya. Kicheko kilinichefua kuliko mate.

Alhamisi, 6 Machi
Domitila ametangaza kuwa asiyesukutua hasomi kesho. Nikajiambia: funda moja tu, yaishe. Nilikiinua kile cha plastiki mpaka mdomoni. Kilinuka mihogo na vinywa vya watu. Nikakirudisha. Siwezi.
Nilimfuata Mwalimu ofisini, nikamwamkia, nikamwambia yote. Alikunja uso. Alidhani kila mtu ana kikombe chake. Amesema nitasoma.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisoma wa mwisho. R yangu mbaya, ya ncha ya ulimi, r ya Tabora. Nyuma yangu mtu alijifanya anatapika. Nawachukia. Lakini kwenye ils finissent nilipiga matatu nikanyamaza, na darasa likapiga la nne peke yake. Mwalimu aliwatazama kwa muda.
Amenichagua mimi. Na Domitila, kwa sababu r yake ni safi.
Furaha ilikuja, ikakuta kinyaa kimeshakaa. Nzega, ndani ya basi, kiti kimoja na yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi. Sisi wawili, darasa tupu. Yeye mbele, mimi karibu na dirisha. Bado simpendi. Sidhani kama na yeye ananipenda.
Alisoma ils choisissent, akaongeza irabu mwishoni. Nikamwambia aishie kabla ya pale. Akarudia, akakosea. Akarudia tena polepole, akaishia mahali penyewe.
Kisha, bila kunitazama, akauliza kama nataka anionyeshe koo linabana wapi. Nikasema ndiyo.
Tulisoma mpaka mlinzi alipokuja kufunga.